Kutoka PhD Hadi Kazi ya Data: Njia Nne na Bei Zake kwa Mkaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mwenye shahada ya uzamivu ya sayansi anayetaka kuingia kwenye kazi ya data huanza kwa kuuliza: nisome kozi gani? Hapo ndipo pesa zake zinapoanza kupotea. Kozi ni nyingi, na nyingine hazilipiwi hata shilingi. Kinachogharimu ni miezi atakayokaa bila mshahara wa kueleweka, huku kodi ya nyumba, chakula na karo za watoto zikimsubiri. Kwa hiyo makala haya yanalinganisha njia kwa miezi kwanza, ada baadaye, na yamewalenga wanaoishi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Wengi wa wakaazi wa Mombasa wako ng'ambo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti. Kati yao, 154,171 tu walikuwa Mvita, ambayo ndiyo kisiwa. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, Likoni 250,358 na Changamwe 131,882. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, na Swahilipot Hub, kituo cha vijana wa teknolojia kilichoanza 2016, kiko Mji wa Kale. Vyote viwili viko kisiwani. Ushauri ulioandikwa kwa mtu wa Nairobi au London haujui foleni ya feri wala msongamano wa Daraja la Nyali.

Wanaofikiria kuhama si watu waliofeli. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliagiza wahadhiri wawe na PhD ndani ya miaka 5, na wengi wakajitosa masomoni wakitarajia kwamba shahada hiyo ingewapa kazi ya kudumu. Nafasi hazikuongezeka kwa kasi ile. Waliozipata wamepitia migomo ya kudai nyongeza walizokuwa wameahidiwa, ukiwemo wa 2024 na ule wa 2025 uliodumu wiki 7. Mtu mwenye PhD ya kemia, fizikia au sayansi ya bahari akitazama kando, ana sababu.

Ulichokwisha kulipia

Kabla ya kununua chochote, hesabu mali iliyo ghalani. Tuchukue mtafiti wa uvuvi ambaye tasnifu yake imetokana na daftari za samaki walioshushwa Likoni na Mtongwe. Kila mstari una tarehe, chombo, zana, aina ya samaki na kilo. Aliyeandika Jumatatu ameandika "tafi", wa Jumanne ameandika "tasi", wa Jumatano ameweka jina la kisayansi, Siganus, na kulikosea herufi. Mahali pengine kilo ni 12, pengine 120, na hakuna anayekumbuka kama sifuri ile ni kweli au kalamu imeteleza. Mtafiti huyu amekaa miaka akiamua mstari upi ubaki, upi urekebishwe, upi utupwe, kisha akasimama mbele ya jopo na kutetea kila uamuzi. Kazi hiyo ndiyo inayokula sehemu kubwa ya siku ya mwanasayansi wa data katika benki au kampuni ya simu.

Historia ya fani yenyewe inaunga mkono jambo hili. Mwaka 2006 Jonathan Goldman, aliyekuwa na PhD ya fizikia kutoka Stanford, aliingia LinkedIn na kuanza kuchunguza nani anamfahamu nani. Uchunguzi wake ndio uliozaa kipengele cha kupendekeza watu unaoweza kuwa unawajua, na kikaukuza mtandao huo kwa kasi. Mwaka 2012 Jake Klamka alianzisha huko California mpango wa Insight kwa ajili ya wenye PhD wanaohamia kwenye data. Ulichukua wiki 7, na mwanafunzi hakulipa ada. London nayo ikapata mpango kama huo, S2DS, mwaka 2014, wiki 5 tu.

Tazama urefu wa mipango hiyo. Walioiunda walijua kwamba aliyemaliza uzamivu anahitaji wiki chache za kujazia mapengo, na hawakumrudisha darasani kwa miaka 2. Mapengo yenyewe ni manne: SQL, lugha ambayo mashirika huitumia kuchota data kwenye hifadhi zao, Git, ya kutunza matoleo ya kazi na kushirikiana na wenzako, ujuzi wa kujenga na kupima mifano ya utabiri, na uwezo wa kumweleza meneja kwa ukurasa mmoja kile ambacho tasnifu ilikieleza kwa kurasa 200.

La mwisho ndilo gumu. Swali la usaili huja hivi: jedwali moja lina makasha yaliyoshushwa melini, jingine lina malori yaliyotoka getini; tutajie makasha yaliyokaa zaidi ya siku 4 bila lori, kisha utuambie tufanye nini. Nusu ya kwanza ni mistari michache ya SQL. Nusu ya pili inataka mtu anayethubutu kupendekeza jambo hata kama ushahidi haujakamilika, na mtafiti amezoea kusema "utafiti zaidi unahitajika".

Gharama zisizokwepeka

Njia yoyote utakayoshika, vitu vitatu utavilipia.

Kwanza, kompyuta. Laptopu iliyotumika, zile ziitwazo ex-UK, yenye RAM ya GB 16 hupatikana mjini kwa kati ya shilingi 35,000 na 50,000. Usishawishiwe kununua mashine ya laki mbili eti kwa sababu ya akili mnemba. Kazi nzito unaweza kuiendesha bure kwenye Google Colab au Kaggle, kompyuta zao zikibeba mzigo badala ya yako.

Pili, intaneti. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa kuanzia 2009, TEAMS na SEACOM zikiwa za mwanzo, lakini faida yake haifiki kila mtaa sawasawa. Kifurushi cha chini cha nyumbani cha faiba ni kama shilingi 3,000 kwa mwezi. Kabla ya kukodi nyumba, waulize majirani kama faiba imefika kwenye ploti ile na hukatika mara ngapi. Anayetegemea bando za simu hulipa kidogokidogo na mwisho wa mwezi hujikuta amelipa zaidi.

Tatu, maisha yenyewe. Huu hapa mfano wa mtu mmoja katika chumba na sebule Kisauni au Likoni. Badilisha tarakimu kulingana na hali yako:

- Kodi ya nyumba: 10,000
- Chakula: 12,000
- Intaneti: 3,000
- Stima na maji: 2,500
- Nauli: 3,000
- Jamaa na dharura: 4,500
- Jumla kwa mwezi: 35,000

Miezi 6 ni 210,000. Mwaka ni 420,000. Miaka 2 ni 840,000. Tarakimu hizi ndizo za kuweka mezani unapolinganisha njia zifuatazo.

Programu hazimo kwenye orodha kwa sababu R na Python ni bure. Kama tasnifu yako uliifanyia SPSS, Stata au MATLAB kwa leseni ya chuo, jua kwamba leseni ile haitoki nawe getini. Anza kuhamisha kazi zako mapema.

Njia ya kwanza: kujifunza mwenyewe

Ada: sufuri hadi kama 25,000. Muda: miezi 4 hadi 8, jioni na wikendi.

Vitabu viwili vinatosha kuwa msingi, na waandishi wake wameviweka mtandaoni bure: An Introduction to Statistical Learning, na R for Data Science cha Hadley Wickham na Garrett Grolemund. Ukitaka kozi yenye cheti, nyingi za Coursera hulipiwa dola 49 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 129 hiyo ni 6,321, na kwa miezi 4 ni 25,284. Mwenye hali ngumu anaweza kuomba msaada wa ada.

Linganisha 25,284 na 210,000 za kuishi miezi 6: ada haifiki hata sehemu ya nane. Ndiyo maana cheti cha bei nafuu si nafuu kama kimekufanya uache kazi.

Hatari ya njia hii ni upweke na kukosa tarehe ya kumaliza. Dawa yake ni kazi ya wazi. Sajili akaunti Zindi, jukwaa la mashindano ya data lililoanza Afrika Kusini mwaka 2018, ambapo maswali hutoka kwenye mashirika ya Afrika. Chukua data za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, ambazo nyingi hutolewa bure kwa mtafiti aliyejisajili, ujibu swali moja linalohusu Likoni au Changamwe. Mwajiri ataamini zaidi uchambuzi safi wa kitu anachokijua kuliko vyeti kumi.

Inamfaa: aliye na mshahara sasa, hata kama ni mdogo.

Njia ya pili: kozi fupi ya kulipia

Ada: kwa kawaida zaidi ya laki moja. Muda: miezi kadhaa, mara nyingi kutwa nzima.

Moringa School ya Nairobi, iliyoanzishwa 2014, ni miongoni mwa zinazofundisha sayansi ya data kwa mtindo huu. Unachonunua hapa ni nidhamu ya ratiba, wenzako wa kusukumana, na mtu wa kukusahihisha. Maarifa yenyewe yako bure kwingine.

Kwa mwenye PhD, sehemu kubwa ya kozi itakuwa marudio: wastani, uwiano, kupima dhana. Utalipia wiki za mwanzo ambazo hazikuhitaji. Kwa hivyo kabla ya kulipa uliza maswali manne. Je, naweza kuruka moduli ninazozijua na kupunguziwa ada? Ni wangapi wa darasa lililopita walipata kazi ya data yenyewe, si kazi yoyote? Je, wahitimu watatu watakubali kuzungumza nami? Nikishindwa kuendelea mwezi wa pili, narudishiwa kiasi gani? Shule inayojibu bila kuzunguka inastahili kufikiriwa. Inayokukimbiza ulipe kabla ofa haijaisha, iache.

Inamfaa: ambaye amejaribu peke yake na ikashindikana, na ana akiba ya kumtosha miezi 6.

Njia ya tatu: shahada nyingine

Ada: laki kadhaa au zaidi. Muda: hadi miaka 2.

Vyuo vya Nairobi kama Strathmore vina shahada ya uzamili ya sayansi ya data. Kigali kuna tawi la Afrika la Carnegie Mellon, lililofunguliwa 2011, na taasisi ya hesabu ya AIMS. Ni vyuo vyema. Lakini kwa aliyekwisha kupata PhD, nashauri njia hii kwa masharti mawili tu: uwe na ufadhili kamili, au mwajiri wako akulipie huku akikuweka kazini. Bila hayo, unaweka hadi 840,000 za kuishi juu ya ada ili upate karatasi ya chini kuliko uliyo nayo.

Wengi huchagua njia hii kwa sababu wameshazoea darasa. Humo wanajua kanuni na wanajua watashinda. Hilo linaeleweka, lakini halitoshi kuwa sababu ya kutumia pesa kiasi hicho.

Kuna kitu cha kati ambacho ni bora zaidi: makongamano. Data Science Africa ilianzia hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi mjini Nyeri, mwaka 2015, na mmoja wa nguzo zake ni Ciira wa Maina, mhandisi mwenye PhD ambaye ametumia sauti za ndege kufuatilia mazingira kwa njia za data. Deep Learning Indaba ilikuja Nairobi 2019, katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2025 ikawa Kigali. Mikutano hii huwa na misaada ya nauli kwa wanaoomba mapema, na wiki moja pale hukukutanisha na watu ambao ungewatafuta miaka 2 darasani.

Njia ya nne: kuhamia kwa jirani

Ada: karibu sufuri. Muda: miezi 6 hadi 18, lakini ukiwa unalipwa.

Hii ndiyo njia ambayo wakaazi wa ng'ambo wanaipuuza, na ndiyo iliyo na bei nzuri kuliko zote. Maana yake ni kuingia kwenye shirika linalohitaji sayansi yako, lakini kwa mlango wa data.

Upande wa Kisauni na Nyali, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iko Mkomani. CORDIO, iliyoanzishwa 1999 baada ya matumbawe kufa kwa joto la 1998, iko Bamburi na huchambua takwimu za miamba ya Bahari Hindi magharibi. Kando ya barabara ya Links iko sekretarieti ya Ushoroba wa Kaskazini, inayofuatilia muda ambao mizigo hukaa bandarini na barabarani hadi Kampala, Kigali, Bujumbura, Juba na mashariki mwa Kongo. Ukiendelea kaskazini unafika Kilifi, ambako taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na shirika la Wellcome wamekuwa na kituo cha utafiti wa afya tangu 1989. Tangu 2000 kituo hicho kimekuwa kikisajili vizazi, vifo na uhamaji wa wakaazi wa eneo linalokizunguka. Shughuli kama hiyo haiendi bila wasimamizi wa data na wanatakwimu.

Upande wa Changamwe kuna bandari yenyewe huko Kipevu, uwanja wa ndege, kituo cha reli cha Miritini na yadi za makasha zilizojaa Port Reitz. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilivuka makasha milioni 2 kwa kipimo cha kasha la futi 20. Kila kasha huacha nyayo: saa ya kushushwa, saa ya kukaguliwa, saa ya kutoka. Kampuni nyingi za uchukuzi bado huzisoma nyayo hizo kwenye jedwali la Excel la mtu mmoja ambaye akienda likizo kazi inasimama. Mwanafizikia anayejua kuchambua mfululizo wa vipimo vya saa kwa saa ana la kufanya pale.

Likoni ina uhaba wa waajiri wa namna hii, na jiografia inaongeza mzigo. Anayevuka kwa miguu halipi feri, lakini analipa kwa muda. Kwenda Kilifi kutoka Likoni ni kuvuka feri, kukata kisiwa, kisha Daraja la Nyali. Wa Kisauni anapandia matatu Bamburi tu. Ukiwa Likoni, dai siku mbili au tatu za kufanyia kazi nyumbani kabla ya kutia saini. Baada ya kutia saini ni vigumu kuzipata.

Kasoro ya njia hii ni kwamba mishahara ya utafiti mara nyingi hufungwa kwenye ruzuku, na ruzuku ina tarehe ya mwisho. Uliza mradi unaisha lini kabla ya kuuliza mshahara ni ngapi.

Mshahara au kandarasi

Kazi nyingi za kwanza za data huja kama kandarasi, hasa za mbali. Kandarasi ya 100,000 si sawa na mshahara wa 100,000.

Mshahara wa 100,000 hukatwa 2,750 za bima ya afya ya jamii na 1,500 za tozo ya nyumba, pamoja na NSSF na kodi ya mapato inayopanda kwa ngazi kuanzia asilimia 10. Mwajiri naye huongeza tozo ya nyumba na NSSF za upande wake, na una likizo yenye malipo. Kwenye kandarasi ya ushauri kwa kampuni ya Kenya utakatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio, uone kama umebaki na nyingi. Hizo 5 ni malipo ya awali tu. Hesabu kamili utaifanya kwa mamlaka ya kodi, KRA, kufikia tarehe 30 Juni, na bima ya afya na akiba ya uzeeni unajilipia mwenyewe. Mteja akiwa nje ya nchi hakukati chochote, na deni lote la kodi linakungoja. Ushauri wangu ni kuweka kando theluthi moja ya kila malipo, na kudai angalau robo zaidi ya mshahara wa kazi ileile.

Angalia pia saa. Mteja wa Dubai anatutangulia saa moja tu, kwa hiyo siku zenu zinaenda pamoja. Wa New York yuko nyuma yetu kwa saa 7 au 8. Mkutano wake wa saa tano asubuhi unakufikia saa kumi na mbili jioni au saa moja usiku. Mwenye watoto wadogo aliweke hilo kwenye mizani kama anavyoweka shilingi.

Uhamie Nairobi?

Hesabu ileile ya mwezi, ukiweka kodi ya 20,000, chakula 15,000 na nauli 6,000, inafika 51,000. Kwa miezi 6 ni 306,000, yaani 96,000 zaidi ya kubaki hapa. Treni ya Madaraka ni shilingi 1,500 daraja la kawaida. Kwenda na kurudi 3,000. Kwa pesa ulizookoa unaweza kwenda usaili mara nyingi sana. Hamia ukiwa na barua ya kazi mkononi, si kabla.

Uamuzi

Ukiwa na mshahara sasa: jifunze mwenyewe, saa 8 kwa wiki, huku ukitafuta mlango wa njia ya nne. Usiache kazi.

Ukiwa umemaliza na huna kipato: ingia kwa jirani kwanza, hata kwa cheo cha msimamizi wa data ambacho unakiona kiko chini ya PhD. Mwaka mmoja wa kazi halisi utakupandisha kuliko kozi yoyote.

Ukiwa bado unaandika tasnifu: una bahati. Fanya uchambuzi wako kwa R au Python, utunze kwa Git, na umalize ukiwa na kitu cha kuonyesha.

Ukiwa na laki tatu za akiba na mtu anakuuzia kozi: kozi isizidi theluthi moja ya akiba hiyo. Zilizobaki ni za kuishi.

Na kwa wazazi, waume na wake walioisubiri PhD hiyo kwa miaka: mtu huyu hajatupa elimu yake. Anaipeleka mahali pengine panapoihitaji, na Pwani inaihitaji. Bandari, hospitali na bahari yetu zinazalisha takwimu kila siku, na zikisomwa na watu wanaoijua tafi na wanaojua foleni ya Kipevu, zitasomwa vizuri zaidi. Msaidieni kulipia miezi; ada atajilipia.